Mtoto Aliyeandikwa Ndugu

Kijana wa saiba hakuinua macho kwenye skrini. “Ndugu zako wangapi wako shule, sista?”

“Hakuna. Mimi ndiye kitinda mimba kwetu, wote walimaliza.”

“Niweke sufuri?”

Msichana alisita. Namwita msichana kwa mazoea ya uzee wangu. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita au saba, mwaka wa tatu chuoni, amebeba mkoba uliokuwa na daftari moja, kikokotoo na kaptura ya akiba ya mtoto. Mwenye kaptura alikuwa ameketi juu ya katoni ya karatasi za printa, andazi mkononi, makombo kifuani.

“Na huyu je? Ako chekechea, PP1. Namlipia.”

Kijana akageuka, akamtazama mtoto, kisha skrini, kisha mtoto tena. “Huyu si ndugu yako.”

“Ni wangu.”

Akashusha ukurasa, akaupandisha. Kulikuwa na nafasi ya baba, ya mama, ya mlezi. Kulikuwa na pa kuambatisha vyeti vya kifo, kama mwombaji ni yatima. Kulikuwa na mistari sita ya ndugu walio shuleni, na karo ya kila mmoja wao. Pa kumweka mtoto wa mwombaji hapakuwapo. “Wacha tumweke ndugu,” akasema, kwa upole kabisa. “Wengi hufanya hivyo. Ukiacha sufuri wataona hauna mzigo.”

Hivyo ndivyo nilivyoshuhudia, pale Ruring’u, mjini Nyeri, orofani juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, mtoto akiandikwa ndugu ya mamake, na mamake akirudishwa kuwa binti wa nyumbani. Nilikuwa nimepeleka kumbukumbu za mkutano wa chama chetu zichapishwe, kurasa tatu tu. Nilikaa mle mpaka jioni, na sababu yake nitaieleza tukifika mwisho.

Fomu ile ilikuwa ya basari. Ya mfuko gani sisemi, kwani fomu hizi zimefanana kama vifaranga wa kuku mmoja: muhuri wa chifu, muhuri wa mchungaji au padri, muhuri wa chuo, nakala ya kitambulisho cha mzazi. Nimezisaini nyingi nikiwa mwalimu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kugundua kwamba hazimtambui mzazi aliye mwanafunzi. Nami nilikuwa mmoja wa wazazi hao.

Msaada wa masomo ya juu nchini Kenya umejengwa juu ya picha moja. Kijana wa miaka kumi na minane ametoka sekondari, begi mgongoni, na nyuma yake wamesimama baba na mama, wenye uwezo wa kumlipia au wasio nao. Serikali hupekua mifuko ya hao waliosimama nyuma. Yule ambaye mgongoni ana mtoto badala ya begi hayumo katika picha, na kila anapotaka msaada lazima kwanza ajipange upya ili aenee kwenye fremu.

Tazama mfumo wa sasa. Mei 2023 Rais William Ruto alizindua utaratibu mpya wa kugharimia vyuo vikuu, uliochukua nafasi ya ule ambao serikali ilikuwa ikivipelekea vyuo ruzuku kwa kila mwanafunzi. Katika huu mpya, mwanafunzi huomba mwenyewe, hupimwa hali ya kwao, kisha huwekwa kwenye daraja. Madaraja yalianza manne, yakawa matano mwaka 2024. La kwanza ni la kaya yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi: ufadhili asilimia 70, mkopo asilimia 25, familia yenyewe asilimia 5, na juu yake mkopo wa kujikimu wa shilingi 60,000 kwa mwaka. La tano ni la kaya inayopita 120,000 kwa mwezi, ambayo hubeba asilimia 40 ya gharama, na mwanafunzi wake hupata mkopo wa kujikimu wa 40,000.

Neno la kushika hapo ni kaya. Kaya ya nani? Mwanamke yule wa saiba alikuwa amepanga chumba Kamakwa, yeye na mwanawe, kwa miaka minne. Babake ni mwalimu mstaafu, mwenye pensheni na mashina kadhaa ya majani chai. Kwenye karatasi yeye ni wa kaya ya mwalimu mstaafu. Jikoni mwake yeye ndiye kaya.

Hata tukikubali kwamba kawekwa daraja la kwanza kabisa, tupige hesabu za sokoni. Elfu sitini kwa miezi kumi na miwili ni elfu tano kwa mwezi. Mwanafunzi asiye na mtoto huihesabu kwa miezi minane au tisa ya masomo, kisha akarudi kwao kula githeri ya mamake. Mtoto mdogo hana likizo ya muhula. Deikea ya mtaani, ile ya chumba kimoja chenye zulia la plastiki na mama mmoja mwenye watoto kumi na wawili, nimeilipia mjukuu wangu shilingi 150 kwa siku. Siku ishirini na mbili za kazi ni 3,300. Inabaki 1,700 ya unga, gesi, nauli, sabuni, na homa, maana watoto wa Nyeri na baridi ya Julai wanajuana. Kodi ya nyumba sijaitaja. Na yote hayo ni mkopo, atakaoanza kulipa akishahitimu, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka.

Mfumo wenyewe ulifikishwa mahakamani, na Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Nilifuatilia mabishano yale magazetini kwa hamu ya mwalimu, na hoja zilikuwa nzito: ubaguzi, wananchi kutoshirikishwa, wazazi kubebeshwa mzigo. Wazazi waliotajwa walikuwa wale wa nyuma pichani.

Lazima niseme pia kwamba wengi wa wanafunzi wenye watoto katika miji yetu hawafiki hata kwenye madaraja hayo. Ufadhili ni wa waliopangiwa nafasi katika vyuo vya umma na KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne miaka kumi iliyopita, akazaa, akauza mitumba Karatina, akasoma stashahada jioni, kisha akaingia digrii kwa kujilipia, huyo anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, lakini ufadhili haumhusu. Kuna mkopo uitwao Jielimishe kwa walio kazini wanaojiendeleza. Jina zuri. Linasema yote: jielimishe.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, wala mwanzo haukuwa mtamu kuliko sasa. Serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1974, na wazee wangu waliosoma Nairobi bado hulisimulia lile bumu, pesa za matumizi mkononi, kama watu wanavyosimulia mvua za zamani. Watanzania wana neno hilohilo, na mikopo ya bodi yao, HESLB, bado huiita bumu. Sisi tuliundiwa HELB kwa sheria ya mwaka 1995, wakati ambapo vyuo vilikuwa vimeshaanza kutoza. Kwa miaka mingi karo ya aliyelipiwa na serikali ilibaki shilingi 16,000 kwa mwaka. Hata mkulima wa Tetu aliweza kuiona kwa mbali.

Kisha mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa kujilipia, na vyuo vingine vikafuata. Wachumi wana mengi ya kusema kuhusu mlango huo, mengi yake mabaya. Lakini ndio ulioingiza wazazi chuoni. Hadi hapo digrii ilikuwa ya aliyefaulu akiwa na miaka kumi na minane. Aliyezaa akiwa na ishirini alikuwa ameshapitwa na basi. Sasa kampasi zikachipuka mijini: Nyeri, Karatina, Embu, Meru, orofani juu ya maduka ya saruji na mabaa, mhadhara wa saa kumi na moja jioni ukipambana na muziki wa chini. Ndani walikuwemo manesi, makarani wa kaunti zilizokuwa hazijaitwa kaunti, polisi, na walimu. Hasa walimu.

Sisi walimu wa shule za msingi, wenye cheti cha P1, tulisoma wakati wa likizo. Aprili, Agosti, Desemba: watoto wa wenzetu wakirudi nyumbani, wetu tuliwaaga. Nilianza nikiwa na mtoto wa miezi mitano. Nilikopa kwenye sacco, nikauza ng’ombe aliyekuwa akinipa maziwa lita nane kwa siku, na mume wangu akaamua kukaa kimya, jambo ambalo wakati ule nililihesabu kuwa msaada.

Siku ya mtihani wangu wa kwanza mlinzi alinizuia langoni. Mtoto haruhusiwi ndani, akasema, ni sheria ya chuo. Chuo chenyewe nakiacha bila jina. Mpwa wangu niliyemleta kunishikia mtoto alikuwa amepotea na matatu nyingine, simu za mkononi zikiwa bado ni mali ya wenye mali. Zimebaki dakika tisa. Mkabala na lango alikuwapo mama mmoja akichoma mahindi. Hatukujuana. Alinitazama, akapangusa mikono kwenye leso, akainyoosha kwangu. Nikamkabidhi mtoto, chupa na kofia yake ya sufu, nikakimbia. Ulikuwa mtihani wa saa tatu wa saikolojia ya elimu. Mojawapo ya maswali lilihusu umuhimu wa ukaribu wa mama na mtoto katika mwaka wa kwanza, na nililijibu vizuri sana huku maziwa yakilowesha blauzi.

Nilipotoka mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa mwenye mahindi, amefungwa kwa kanga, na moshi wa makaa ukimpita pembeni. Nilitoa noti. Akaikataa. “Nunua mahindi mawili, mwalimu.” Alijuaje mimi ni mwalimu sijui, nadhani walimu tunanuka chaki.

Mlango ule wa kujilipia ulikuja kufungika wenyewe. Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, wa mwaka 2016, wa kwanza kusimamiwa na waziri Fred Matiang’i, ulitoa wanafunzi 88,929 waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia chuo kikuu, kutoka 169,492 mwaka uliotangulia. Waliofaulu wakatosha wote kwenye nafasi za serikali. Wa kujilipia wakapungua, na kampasi za mijini, zilizoishi kwa karo zao, zikaanza kuzima taa moja baada ya nyingine. Pale nilipofanyia somo la takwimu leo ni ukumbi wa pool. Hakuna aliyeandika popote kwamba siku ile tumefunga pia mlango wa wazazi. Haukuwa umefunguliwa kwa ajili yao, basi kufungwa kwake hakukuwahusu.

Vilivyobaki ni vyuo vyenyewe, na hapa eneo la Mlima Kenya lina bahati ambayo haithaminiwi. Dedan Kimathi, njia ya Mweiga, kilianza mwaka 1972 kikiwa taasisi ya ufundi iliyochangiwa kwa harambee, na watu waliotoa shilingi zao na mbuzi wao. Kilipata hati ya kuwa chuo kikuu Desemba 2012. Karatina, kule Kagochi, kilipata Machi 2013. Chuka na Meru vikapata mwaka huohuo, na Kirinyaga, Embu na Murang’a mwaka 2016. Kwa mtu asiye na mtoto, chuo karibu na nyumbani ni balaa, maana mama atakuja kukutembelea. Kwa mzazi ni tofauti ya kusoma na kutosoma. Mtoto anaachwa kwa shosho asubuhi, anachukuliwa jioni.

Lakini upangaji wa nafasi huangalia alama na kozi. Mtoto atalala wapi, hauulizi. Nimemwona mama wa Othaya akipangiwa chuo cha Magharibi, na wa kutoka Vihiga akipangiwa Nyeri, kila mmoja amemwacha mtoto upande alikopangiwa mwenzake.

Shosho ndiye wizara ya elimu ya juu katika vijiji hivi. Sitanii. Ukitaka kujua mwanafunzi mzazi atahitimu au la, usiulize alama zake. Uliza kama mamake yu hai, ana miaka mingapi, na magoti yake yakoje. Shosho akiugua, digrii inasimama. Tena pesa zinazomwendesha shosho zina kalenda yake. Bonasi ya majani chai hutoka Oktoba, baada ya viwanda kama Gathuthi, Chinga, Iriaini na Ragati kufunga hesabu za mwaka. Muhula hufunguliwa Septemba. Kati ya Septemba na Oktoba kuna wiki sita ambazo mji wa Nyeri hujaa wanafunzi wasiosajiliwa, wanaoingia darasani wakikaa nyuma, wakiomba karani asipite na orodha. Chama hujaza pengo hilo. Chama chetu kimewahi kumlipia binti wa mwanachama usajili kwa makubaliano kwamba bonasi ikitoka tunarudishiwa kabla ya mabati ya zizi kununuliwa. Ilitoka, tukarudishiwa. Mwaka uliofuata bonasi ikashuka, na zizi likavuja.

Pamoja na hayo yote, tusijidanganye kwamba tatizo hili ni la mabinti wa shule waliopata ajali. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika mimba ni asilimia 15 nchini kote. Nyeri na Nyandarua walikuwa asilimia 5, chini kabisa katika Kenya, ilhali Samburu walifika 50. Wazazi ninaowazungumzia hapa ni watu wazima, walioamua kuzaa au waliopokea kilichokuja, na kuamua kusoma. Wanasiasa wa upande huu hulalamika kila mara kwamba madarasa ya chekechea yanabaki matupu, wanawake wa Nyeri hawazai. Ningewaomba wapite saiba ya Ruring’u.

Kwa binti wa sekondari serikali angalau imeandika kitu. Tangu mwaka 1994 kuna mwongozo wa kumrudisha shuleni aliyejifungua, ukaandikwa upya mwaka 2020. Kwa mfanyakazi pia: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Mwanafunzi wa chuo si mwanafunzi wa shule, wala si mwajiriwa, na anaponyonyesha chooni anakuwa ameteleza katikati ya sheria mbili.

Hapa ndipo ninapomkumbuka mwanamke wa Ihithe, mwendo mfupi kutoka nilikofundisha. Wangari Maathai anatajwa kwa miti, na ni haki. Lakini alipotunukiwa digrii ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, alikuwa mama wa mtoto mdogo na mjamzito wa wa pili. Masomo yake ya kwanza yalilipiwa na juhudi za umma za aina yake: alikwenda Marekani mwaka 1960 na vijana waliosafirishwa kwa mpango wa Tom Mboya uliochangiwa na familia ya Kennedy, akasoma Kansas, kisha Pittsburgh. Aliporudi na kuajiriwa chuoni, alikuta wanawake wahadhiri walioolewa wakinyimwa marupurupu ya nyumba waliyopewa wanaume, kwa hoja kwamba mume ndiye mwenye nyumba. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya waliukataa utaratibu huo mpaka wakalipwa sawa, wao wawili.

Naona ukoo wa karibu kati ya hoja ile na fomu ya saiba. Mwaka 1971 mwanamke alihesabiwa chini ya mumewe. Leo anahesabiwa chini ya babake. Mtoto wake ndiye asiyehesabiwa popote.

Je, kuna aliyewahi kufanya vinginevyo? Sweden mwanafunzi mwenye mtoto huongezewa ruzuku juu ya ile ya kawaida, isiyorudishwa, kwa hesabu ya watoto alionao. Hiyo ni nchi tajiri, utasema, na nakubali. Kinachonivutia zaidi ni jimbo la Maine, Marekani, lenye baridi kuliko Nyahururu na si tajiri kwa viwango vya huko. Mwaka 1996 serikali kuu ya Marekani ilibadili sheria ya posho za familia maskini: mzazi anayepokea posho afanye kazi, na kusoma chuo kusihesabiwe kazi isipokuwa kwa kipimo kidogo. Mwaka uliofuata Maine ikatumia fedha zake yenyewe kuanzisha mpango wa wazazi wasomi. Mzazi maskini aliyeko chuoni, hata wa digrii ya miaka minne, akaendelea kupokea posho ileile ambayo angeipata kama angekaa nyumbani au kufagia hoteli, pamoja na msaada wa malezi ya mtoto.

Lililonigusa ni ufundi wake. Hawakujenga chuo, hawakuunda bodi. Walibadili maana ya neno moja kwenye fomu: kusoma kukawa kazi.

Nasi tunalo letu la kufanya, na limeandikwa tayari. Chukua Katiba ya 2010, fungua Jedwali la Nne, sehemu ya pili, uangalie kazi za kaunti. Utakuta elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na vituo vya kulelea watoto. Viko pale, kwa maandishi, kazi ya kaunti. Vyuo vikuu havipo; hivyo ni vya serikali kuu.

Sasa kumbuka kilichotokea Januari 2025. Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang’o, alizitumia kaunti waraka: basari za sekondari na vyuo vikuu si kazi yenu, msizitolee fedha mpaka mwe na makubaliano rasmi na serikali kuu. Nchi ilizizima. Magavana walipaza sauti, wazazi nao, suala likafika mahakamani. Hata hapa Nyeri, ambako kaunti ina Mfuko wa Elimu, watu hawakuzungumza jingine kanisani wiki ile. Sikuwalaumu, basari imewaokoa wengi, ingawa kwa mwanafunzi wa chuo mara nyingi ni elfu chache zinazopelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na hununui nepi kwa risiti ya chuo.

Lakini nilijiuliza: tunapigania kwa meno kazi ambayo si ya kaunti, na ile ambayo ni yake hatujaidai hata mara moja. Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Huku kwetu sijasikia mgombea udiwani akisimama juu ya gari sokoni Karatina, siku ya Jumanne, mbele ya akina mama waliowalaza watoto katikati ya magunia ya karoti, akaahidi deikea. Huahidi basari. Basari ina hundi kubwa ya kadibodi ya kupigia picha.

Chumba kimoja karibu na lango la chuo, maji, jiko, walezi wawili waliofunzwa, msaidizi wa afya anayepita: hiyo si bajeti ya kumtisha gavana. Kingewahudumia pia wauza mboga na manesi wa zamu. Na kwa mwanafunzi, 3,300 zile zingebaki mfukoni, kila mwezi, bila kuandika barua kwa chifu. Wako watakaosema kituo kama hicho kitawafundisha wasichana kuzaa. Nimesikia hoja hiyo kwenye mikutano ya wazazi kwa miaka thelathini, na mara nyingi huletwa na mwanamume ambaye hajui mtoto wake mwenyewe amelala wapi usiku ule.

Nirudi orofani Ruring’u. Fomu ilimalizika saa saba na nusu, kwa shilingi mia moja na kumi za kuskani na kuchapisha. Jina la mtoto lilikuwa kwenye mstari wa kwanza wa ndugu, darasa PP1, karo ya muhula mbele yake. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kati ya kurasa za daftari. Kisha akatazama saa ya ukutani, akapatwa na hali ninayoijua.

“Una mtihani wa saa ngapi?” nikamuuliza.

“Saa nane, mwalimu. Shosho yake ako kliniki leo, ya pressure. Nilikuwa niende naye nimweke hapo nje ya darasa, hana shida, hukaa tu.”

Matatu za Mweiga zilikuwa zikiita chini. Kijana wa saiba alijifanya anatafuta karatasi. Nilisogeza kiti changu mpaka karibu na ile katoni, nikamuuliza mtoto kama anajua kuhesabu magari. Akasema anajua mpaka kumi na nne.

Mamake alishuka ngazi mbili mbili. Tulihesabu magari, tukafika kumi na nne mara nyingi. Tulichora ng’ombe nyuma ya kumbukumbu za chama. Saa kumi nilimnunulia chapati, akala nusu na kuifunga nusu nyingine kwa karatasi, ya mama. Aliporudi, saa kumi na moja na robo, vumbi la Mweiga nyusini, mtoto alikuwa amelala kichwa kikiwa juu ya mkoba wangu, na kijana wa saiba alikuwa amepunguza sauti ya redio.

“Ulikuwa mgumu?” nikauliza.

“Wa hydraulics,” akasema, akiinama kumbeba.